Bandari Aliyoichagua Nyanya

Mwezi uliopita nilipita kwenye shamba la chai nilikokulia, si mbali na Kimulot, nikakuta mashine ndizo zinazochuma. Kila moja watu wawili wanaishika huku na huku, inanguruma juu ya vichaka, majani yanaingia mfukoni. Nyumba za laini yetu, kambi ya wachumaji, zimebomolewa. Zimebaki sakafu za saruji, nyasi zikitokea kwenye nyufa. Bwawa lingalipo. Nilisimama ukingoni nikajikuta natafuta mawe ya meneja.

Kama ulikulia laini, unazijua asubuhi zetu: king'ora cha kiwanda, moshi wa kuni mbichi, akina mama wakijifunga plastiki kiunoni ili umande usiwaloweshe. Harufu ya majani yakikaushwa ilikaa hata kwenye sare za shule. Mchana mvua, mara nyingi ya mawe, na jioni ugali wa wimbi. Mimi nililelewa na nyanya, mchumaji chai, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia kuandaa kibuyu. Tulikisugua ndani kwa kijiti cha mti wa senetwet chenye kaa la moto, kisha tukamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Baada ya siku kadhaa yaligeuka mursik, mazito, yenye rangi ya majivu. Hayo ndiyo maziwa ya mgeni.

Mgeni wetu mkubwa alikuwa meneja, mzungu aliyekaribia kustaafu. Alikuwa na mashua ndogo ya tanga aliyoizungusha bwawani kila Jumapili, na nyumba yetu ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na maji. Akichoka alikuja kuketi mlangoni petu, akapewa mursik, akaanza kueleza mpango wake. Akirudi kwao angenunua mashua kubwa avuke bahari hadi Ufaransa. Shida yake ilikuwa moja: asimame bandari gani kwanza. Alipanga mawe matatu ukingoni, akayapaka chokaa, akayapa majina: Cherbourg, Dieppe, Barfleur.

"Mama, wewe nasema nini?" alimuuliza nyanya kwa Kiswahili chake cha shamba. "Hii kubwa sana, ukuta mrefu, mimi naingia saa yoyote. Hii iko soko mzuri. Hii ya mwisho dogo, lakini maji nakwenda, mashua nakaa kwa matope."

"Maji yanaenda wapi?"

"Nakwenda tu. Halafu narudi."

"Nani anayafukuza?"

Meneja alicheka mpaka maziwa yakamwagikia ndevu. Nyanya hakucheka. Alitaka kujua jambo moja tu: ni wapi kuna ng'ombe?

Meneja aligusa jiwe la tatu. "Hii dogo. Nyuma yake majani tu, ng'ombe mingi."

"Basi simama hapo. Penye ng'ombe hutakosa wa kukupa maziwa. Na maji yakiwa yameenda, ngoja. Mgeni haingii tu. Anasimama nje mpaka aitwe."

Mwaka ule mzima maongezi yao yalikuwa hayo. Meneja alijaribu bandari nyingine, nyanya akamrudisha kwenye jiwe dogo. Sisi watoto tulicheza safari hiyo kwa magome ya mikaratusi, na aliyefika Barfleur kwanza alipewa ukoko wa ugali.

Lakini nyanya naye alikuwa anafika mwisho. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa, na mchumaji akiacha kazi, huacha na nyumba. Shamba lake mwenyewe hakuwa nalo popote. Jumapili moja alimwambia meneja hivyo, bila kulalamika. Meneja, kibuyu mkononi, akajibu, "Wewe nakaa hapa, Mama. Hapana toka. Mimi nasema."

Nyanya alipomsimulia jirani yetu, mchumaji mwenzake kutoka Kisii, jirani alipiga makofi. "Wewe! Unamchagulia mzungu bandari na hata Kisumu hujafika! Mwambie aandike, dada yangu."

"Amekunywa maziwa yangu."

"Hata mimi nayanywa, na sufuria yako bado niko nayo!"

Walicheka wote wawili. Nyanya hakumwambia meneja aandike. Kwake, mtu anayekunywa kwenye kibuyu chako, mlangoni pako, amekwisha kuweka sahihi. Kumdai karatasi ingekuwa kumtukana.

Siku ya kuondoka kwake nyanya alimpelekea kibuyu kilichojaa, cha kumpa yule ambaye angempokea Barfleur. Meneja alikipokea kwa mikono miwili. Siku iliyofuata mpishi wake alikirudisha, kingali kimejaa.

"Amekisahau kwenye veranda, Kogo," alisema, akimwita nyanya kwa neno letu la bibi.

"Hakusahau," nyanya alisema. "Mizigo ilikuwa mingi."

Meneja mpya hakuwa mkali. Vidole vya nyanya viliposhindwa kuchuma, alimsikiliza mpaka mwisho akieleza ahadi ile, kisha akauliza, "Nani alisikia akisema hivyo?" Mimi nilisikia. Lakini nilikuwa na umri wa kubeba kibuyu, si umri wa kusadikiwa. Nyumba ilipewa mchumaji mwingine.

Trekta ya shamba ilikuja asubuhi kuchukua vitu vyetu. Jirani alirudisha sufuria akilia, akaipakia mwenyewe. Dereva akawasha injini, akageuka. "Kogo, nawateremsha wapi?"

Nilimtazama nyanya. Alikuwa na dada aliyeishi Roret, ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka, na hakukuwa na mtu mwingine. Mwaka mzima tulikuwa tumemtafutia meneja mahali pa kusimama kwanza. Hakuna aliyewahi kumuuliza nyanya swali hilo, wala yeye hakuwahi kujiuliza.

"Roret," alisema hatimaye.

Sijui meneja alisimama bandari gani, au kama alivuka kabisa. Mawe yake sikuyaona. Labda yamo kwenye msingi wa nyumba ya mtu. Nyanya tulimzika Roret, kwenye kipande cha ardhi cha watu wengine. Ninachokiona hadi leo ni siku ile tulipofika kwa dada yake. Mlango ulikuwa umefungwa, mvua ya mawe ilikuwa imeanza. Nilitaka kubisha, nyanya akanishika mkono. Aliketi nje juu ya magodoro yetu, kibuyu mapajani, mawe yakimpiga mabegani, akingoja kuitwa.