Tulikatazwa Kumlilia Dawit

Ilikuwa Jumamosi kama nyingine, nyumbani kwetu Addis Ababa. Mama alikuwa akikaanga kahawa, na baba ameketi mlangoni akishona tandiko la farasi. Alikuwa fundi wa ngozi katika mazizi ya mfalme. Kaka yangu Dawit, mwanafunzi wa chuo kikuu, alibishana naye kama kawaida yao. Alisema kaskazini watu wanakufa njaa huku farasi wa mfalme wakila shayiri. Baba alimjibu kwamba ufalme haukutolewa na wanafunzi, wala hawataweza kuuondoa. Mama akawamiminia wote wawili kahawa, wakaacha ubishi, wakanywa. Mimi nilikuwa msichana wa sekondari, nikicheka pembeni.

Mwaka huohuo wanajeshi walimtoa mfalme ikulu, wakampakia kwenye gari dogo ambalo hata halikuwa lake. Vijana walilikimbilia gari wakimwita mfalme mwizi. Dawit alikuwamo, na alirudi nyumbani sauti imemkauka kwa furaha. Baba aliingia chumbani akafunga mlango.

Wanajeshi walitundika uwanjani picha za Wazungu wenye ndevu. Wakawapa wakulima ardhi, na hapo hata baba alikiri kwamba ilikuwa haki yao. Lakini madaraka waliyakalia wenyewe. Dawit na wenzake walipodai serikali ya raia, redio ikawaita maadui wa mapinduzi. Kila mtaa ukapewa ofisi, walinzi na bunduki. Mlinzi wa mtaa wetu alikuwa Bekele, aliyekua na Dawit, na ambaye mama alimlisha mara nyingi kuliko mama yake mzazi.

Walikuja mchana, tukiwa tunakula.

Bekele alisimama mlangoni na wenzake wawili. Hakutusalimu.

"Dawit, twende ofisini. Ni maswali tu."

Mama alimwuliza kama ameshakula. Bekele akatazama chini.

Dawit alinawa mikono. Mvua ilikuwa ikinyesha, akachukua koti la baba, akatoka.

Tulimkuta asubuhi iliyofuata, kando ya barabara ya sokoni, amelazwa pamoja na maiti wengine. Mimi nilitambua koti kwanza.

Mama alipiga magoti. Mlinzi tusiyemjua akamsogelea na bunduki.

"Hawa hawaliliwi," alisema.

Mama akainuka. Akapangusa magoti, akanishika mkono, tukaendelea kutembea kama watu waendao kununua mboga. Nyuma yetu nilisikia lori likisimama. Hatukuambiwa lilikowapeleka.

Siku ile mama alikaanga kahawa kama kawaida, ili majirani wasikie harufu na wasiseme nyumba hii ina msiba. Tulikunywa bila kutazamana.

Baba naye alifariki kabla mwaka haujaisha. Baadaye mama alinikabidhi kwa wafanyabiashara waliokuwa wakielekea mpakani Moyale. Nilimsihi tuondoke wote. Alisema mwanawe yuko mahali fulani katika mji ule, na yeye hawezi kwenda mbali naye.

Nairobi niliosha vyombo hotelini kwa miaka kadhaa. Huko nilikutana na Aloyce, dereva wa malori kutoka Uru. Alinioa, akanivusha mpaka wa Holili na kunileta kwao, kwenye migomba na kahawa juu ya Moshi. Tulimpa mtoto wetu wa kwanza jina la Dawit, na ukoo ukaligeuza kuwa Daudi.

Hapa sikuona ubaya kwa mtu. Hata hivyo mgambo wakipita sokoni, niligeuka nikarudi nyumbani mikono mitupu. Kampeni za vyama vingi zilipoanza, gari la vipaza sauti lilipanda hadi kwetu, nami nikawasukuma watoto chini ya kitanda. Aloyce alitukuta pale. Alikaa sakafuni nasi, akasema kwa upole kwamba wanaomba kura tu.

Wakati huo mkuu wa wanajeshi waliotawala Addis alikuwa ameshakimbia nchi. Aloyce alikuwa amenishauri niende nikaone kwetu. Lakini mama alikuwa ameshafariki, na sikujua ningeanza kumtafuta Dawit wapi.

Kisha baba mkwe akafa. Alizikwa kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kando ya baba yake. Wanawake walilia kwa sauti mpaka bondeni, wala hakuna aliyewazuia. Mimi nilisimama katikati yao, macho makavu. Mama mkwe aliniona.

Waombolezaji walipotawanyika, aliniita.

"Mama Daudi, huyo kaka yako amelazwa wapi?"

"Sijui, mama."

Mama mkwe alikata tawi la isale, mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, akanionyesha nafasi chini ya migomba.

"Mpe mahali hapa," alisema. "Halafu umlilie. Hapa hakuna wa kukukataza."

Nilichimba, nikapanda. Mama mkwe akaketi karibu yangu, akanisubiri. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Tulikaa hivyo mpaka mbuzi wakaanza kudai majani, tukainuka.

Isale limeshika, limekuwa refu kunishinda. Watoto wanajua ni la mjomba wao, na wanalipalilia pamoja na kaburi la babu. Sijawaambia waache. Wao wanaona makaburi mawili. Mimi najua kwamba moja lina mtu, na jingine ni udongo mtupu.