Tope la Baharini Sebuleni kwa Baba

Wiki moja kabla ya kutetea tasnifu yangu chuoni, nilirudi nyumbani, juu kidogo ya Kapkatet, nikawaomba wazazi wangu waketi sebuleni wanisikilize. Msimamizi wangu alikuwa amelalamika kwamba najificha nyuma ya hesabu. "Eleza kama unayemweleza mtu wa nyumbani," aliniambia. Basi nikawaendea wa nyumbani wenyewe.

Baba, aliyestaafu baada ya miaka mingi kwenye mashine za kiwanda cha majani chai, alikaa karibu na dirisha, koti limefungwa hadi shingoni. Mama alikuja na maharagwe ya kuchambua.

Niliwaambia kwamba kazi yangu ni kukokotoa jinsi sauti inavyopita kwenye tope lililo chini ya bahari. Meli hutoa mlio, mlio hushuka hadi sakafuni, kiasi hurudi na kiasi huzama topeni. Mimi huandika hesabu za kutabiri kitakachorudi.

"Na hiyo bahari umeiona?" Mama akauliza.

"Bado. Vipimo nilitumiwa na watu waliokuwa melini."

"Kwa hivyo unapika bila kuonja."

Baba hakucheka wala kusema neno. Alikuwa hivyo tangu nilipoacha ualimu nikarudi masomoni. Nikipiga simu, angesema tu, "Sawa, sawa, ongea na mama yako." Nilijua amekasirika, na sikuwahi kumuuliza.

Nilipandisha sauti ili nimvute. Haikusaidia. Nikageuza kalenda ya zamani, nikachora upande mweupe: juu mawimbi yaliyobanana, chini mawimbi mapana, na kando nikaandika kwa herufi kubwa: SAUTI NYEMBAMBA HUMEZWA MAPEMA, NZITO HUFIKA MBALI.

Baba aliinuka, akasoma, akaweka kidole kwenye mawimbi ya juu.

"Ni hii," akasema.

"Hii nini, Baba?"

"Masikio yangu. Sauti ya mwanaume naipata. Yako na ya mama yako naona tu midomo ikicheza."

Mkono wa Mama ulisimama kwenye maharagwe. "Tangu lini?"

Ilibidi Mama arudie, karibu na sikio la Baba. Baba akatazama nje. "Tangu kiwandani. Kabla huyu hajarudi chuo."

Niliona aibu ambayo sijui niiitaje. Sikio si tope, na hesabu zangu hazina la kusema juu ya ugonjwa wake. Lakini nilisogeza kigoda hadi magoti yetu yakagusana, nikashusha sauti hadi kifuani, nikasema polepole, "Baba, ulikasirika nilipoacha kufundisha?"

"Hapana. Nilitaka kujua unasomea nini. Niliona haya kukuambia urudie kila mara."

Nikaanza upya, kwa Kipsigis, lugha yetu ya nyumbani, neno kwa neno, na yeye akinitazama usoni. Chai ilipoa. Katikati alinisimamisha. "Kama hujui tope lina unene gani, utajuaje mlio umepotelea wapi?"

Lilikuwa swali nililolikwepa katika sura nzima ya tasnifu. Usiku huo na siku mbili zilizofuata niliandika kurasa mpya kulihusu, nikikiri wazi mahali ambapo matope mawili tofauti yanaweza kurudisha mlio uleule. Tasnifu ilipita, ikiwa na masahihisho machache.

Lakini kabla sijarudi chuoni kuitetea, tulimpeleka Baba hospitalini kupimwa. Foleni ilikuwa ndefu. Mama alimketisha kwenye benchi, akakaa upande wa sikio lenye nafuu, akaanza kumwambia mambo kwa sauti nzito aliyokuwa bado anaijaribu: arusi ya mpwa wake, ng'ombe aliyeuzwa bila Mama kuulizwa, jibu alilompa mchungaji siku moja, Baba asisikie, akaitikia tu kwa kichwa.

"Kumbe ulisema hivyo?" Baba akauliza, akicheka hadi akafuta macho.

Muuguzi alipotuita ndani, Mama alimwomba amwite mtu mwingine kwanza. Alikuwa hajamaliza.