Mama Alipoulizia Habari za Kongo

Juzi nilipita kando ya foleni ya malori pale Malaba, mpakani na Uganda, na harufu ya dizeli na chapati ikanirudisha utotoni. Kanisa lilikuwa limemchagua mama kwenda kuhubiri Kongo mwaka mzima, naye akanishika mkono tukaenda kuwauliza madereva habari za huko.

"Watu ni wakarimu, mama, na Kiswahili wanajua," dereva mmoja alisema. "Shida ni barabara."

Mama aliandika yote. Mimi nilidhani Kongo ni ile migomba tuliyoiona ng'ambo ya mto.

"Mzee, ukiwa Kongo unaona kwetu?" niliuliza.

Dereva hakucheka. Alimgeukia mama. "Hujamweleza?"

Mama alifunga daftari, akaniketisha kivulini mwa lori, akaanza kunieleza urefu wa mwaka.