Gesi Ndani ya Tangi

Mzee aliyenifundisha kuunga chuma chembamba alikuwa mtu wa Kasigau. Alifia ndani ya tangi tulilokuwa tukilitengeneza pamoja, kwenye karakana moja hapa Voi. Gesi iliyomuua niliifungua mimi.

Tangi lilikuwa la maziwa, la chuma cha pua. Vipande vililetwa kutoka Mombasa vikiwa vimekatwa kwa leza, kingo zimenyooka hivi kwamba ukivikutanisha huoni mwanga katikati. Kazi yetu ilikuwa kuviunga. Chuma chembamba namna ile, ukikawia na moto kinatoboka. Hewa nayo ikikigusa kikiwa chekundu, upande wa ndani wa mshono unageuka mweusi na baadaye unaoza. Ndiyo maana tulikuwa tunajaza gesi ya agoni ndani ya tangi ili isukume hewa itoke. Haina rangi wala harufu, na ni nzito, inatulia chini kama maji.

Tulipomaliza mshono wa mwisho mzee aliniambia, "Binti, iache gesi hadi chuma kipoe. Halafu ufunge, upulizie hewa ndani." Akaenda kunawa mikono.

Lori la vyuma likapiga honi nje. Nikaenda nikafungua geti, nikasaini karatasi, nikalifunga tena. Mzee aliniita kutoka ng'ambo ya karakana, mashine ya kusaga chuma ikinguruma kati yetu.

"Umefunga?"

"Nimefunga, mzee. Kitambo."

Mimi nilikuwa nasema geti.

Hakuwahi kuuamini mshono kwa macho tu. Lazima apitishe kidole upande wa ndani. Nilipogeuka alikuwa juu ya ngazi, ameinama kwenye mdomo wa tangi hadi kiunoni. Kisha akateleza akaingia wote, polepole, kama mtu aliyeamua kushuka. Hakupiga kelele. Nilikimbia nikapanda ngazi nimfuate, fundi mwenzangu akanishika mguu akanivuta chini. Tulilibinua tangi watu wanne. Alikuwa bado ana joto.

Jioni mwenye karakana alinikalisha ofisini. "Ulikuwa moyo," akasema. "Mtu wa umri wake. Familia itapumzika wakijua ni moyo, na wewe pia utapumzika."

Nilinyamaza. Nilinyamaza matangani, nikanyamaza makaburini huko Kasigau, na mke wa mzee akanishukuru kwa kuja.

Baada ya wiki mbili nilirudi Kasigau peke yangu. Nilimkuta mjane wake akipukuchua mahindi machache yaliyosazwa na ndovu. Nilimweleza yote: gesi, geti, swali na jibu langu. Aliendelea kupukuchua hadi nikamaliza.

"Alikuwa amekula?" akauliza.

"Bado, mama. Alikuwa amenawa tu."

Aliweka gunzi chini. Kisha akasema, "Watoto nitawaambia mwenyewe. Wewe nenda ukawaambie wenye sheria. Na hapa usirudi."

Niliandikisha taarifa kwa afisa wa kazi. Mwenye karakana akanifuta kazi siku iyo hiyo, na kesi hadi leo inaahirishwa. Siku hizi naunga milango na madirisha kwa watu wa mtaani, chuma kinene, nje kwenye upepo. Mwana mkubwa wa mzee alinipigia simu mara moja. Alitaja jina lake, nikamsikia akipumua, kisha akakata.