Mkia wa Gaju Kwenye Gurudumu la Bosi

Vumbi la breki lina harufu yake, na asiyewahi kuingiza pua kwenye gurudumu la gari asinibishie. Ni harufu ya chuma kilichoungua, imechanganyika na matope na ile ladha ya sarafu uliyoinyonya ukiwa mdogo hadi mama akakupiga kofi la mgongo. Kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, msimu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, harufu hiyo iliingia nyumbani kila jioni kabla baba hajapiga hodi. Alikuwa akiosha magari kando ya barabara pale Base Camp, penye ofisi, zahanati na soko, ambapo magari meupe ya wakubwa yalifika yakiwa mekundu kwa vumbi na kuondoka yakiwa meupe tena, kama watu waliotubu Jumapili huku wakijua vizuri watakachofanya Jumatatu. Sasa nina miaka kumi na saba, nasoma sekondari Mbarara, na darasani najulikana kwa kuchekesha hadi walimu wanajificha nyuma ya madaftari. Lakini hili ninalolisimulia bado linanikasirisha, na sina mpango wa kupoa kabla sijalimaliza.

Wa kwanza kwenye orodha yangu ni Kamugisha, dereva wa bosi wa ile ofisi. Alikuwa na tumbo lililotangulia kufika popote alipokwenda, na mfukoni kitambaa cheupe ambacho hakikuwahi kumfuta jasho hata siku moja. Kazi ya kitambaa kile ilikuwa kudhalilisha watu. Gari likishaoshwa, likang'aa hadi unaweza kuhesabu meno yako kwenye mlango, Kamugisha alichuchumaa, akakizungushia kitambaa kwenye kidole, akakipenyeza katikati ya matawi ya rimu mpaka nyuma kabisa, huko gizani ambako hakuna binadamu anayetazama, kisha akakitoa. Kikitoka cheusi, basi: "Wewe, rudia. Hii hapana safi." Waosha magari walikuwa watatu, na bosi alitaka mmoja wao aingizwe ndani ya geti, apewe bomba, mpira wa maji na kivuli cha kudumu. Kamugisha akatangaza kwamba Ijumaa, wageni wakubwa watakapokuja kutoka Mbarara, yule ambaye gurudumu lake litakirudisha kitambaa kikiwa cheupe ndiye atakayeingia. Kwa baba jambo hilo lilikuwa kubwa kuliko linavyosikika. Siku zisizo na magari alikwenda soko la Rwekubo kubeba magunia, na mgongo ulikuwa umeanza kumkatalia. Asubuhi aliinuka kitandani kwa vipande, kama kiti cha kukunja ambacho bawaba zake zimeshika kutu.

Tatizo lilikuwa rimu za gari la bosi, ambalo ndilo alilopangiwa baba. Magari mengine yalikuwa na rimu zenye matundu mapana. Unaingiza kitambaa, unazungusha, umemaliza. Za bosi zilikuwa na matawi membamba yaliyobanana kama meno ya kitana, na nyuma yake vumbi la breki lilikuwa limegandamana kama ukoko wa ugali. Mkono wa baba haukupita. Vidole vyake viwili havikunjiki tangu fahali amkanyage kule Kivu Kusini alipokuwa mfugaji. Basi wiki nzima alitandika gunia chini akapanga silaha zake, nami nikitoka shule nikakaa mbele yake kama hakimu. Mswaki mkuukuu ulikuwa mzuri kwenye nati, lakini mpini mfupi, uliishia njiani. Brashi ya waya iling'oa uchafu na rangi kwa pamoja, na ukichubua rimu ya bosi umejifukuza mwenyewe. Fimbo tuliyoifunga kitambaa ilifika, ila kitambaa kikachomoka na kuomba hifadhi huko huko ndani. Kamba ya katani, ukiipitisha nyuma ya tawi na kuivuta huku na huku kama msumeno, ilitakasa ukingo vizuri sana na kuliacha tumbo la rimu vile vile. Brashi ya kuoshea chupa aliyoinunua Rwekubo ilikuwa na urefu unaofaa, lakini siku ya pili nywele zake za plastiki zililala upande mmoja kama mlevi. Baba aliitazama, akaitupa. "Inaombaka kitu kirefu," alisema, "kichwa kilainike lakini kisukume, na shingo ipinde kidogo, hivi." Akauchora mpindo ule hewani. Niliujua mpindo ule. Ulikuwa ukining'inia nyumbani kwetu.

Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Koko, alikuwa na brashi ya vibuyu vya maziwa. Mpini wake ulikuwa wa mti uliopindwa ungali mbichi, ili uingie kwenye mdomo mwembamba wa kibuyu na kugeuka ndani, na kichwa chake kilikuwa nywele za mkia wa ng'ombe zilizofungwa kwa ugwe wa ngozi. Nywele zile zilikuwa za Gaju, ng'ombe wa Koko kule Kongo. Tulipokimbia, Gaju hakufika, brashi ilifika. Sisi ni Waprotestanti wa kuimba mpaka mabati yatikisike, lakini kwenye maziwa tuna sheria ambazo hata mchungaji wa kanisa hazigusi: chombo cha maziwa hakiachwi chini, hakishikwi na mkono uliotoka kwenye uchafu, na kinachosafisha maziwa hakisafishi kitu kingine, milele. Macho ya Koko yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo kila asubuhi alisafisha vibuyu kwa masikio. Aliizungusha brashi ndani, akasikiliza, na alipoisikia sauti aliyoitaka alikifukiza kibuyu kwa moshi wa nyasi na kukitundika. Hayo yote niliyajua vizuri. Sitajitetea kwa kusema nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto mjanja, na mjanja hana msamaha.

Ijumaa asubuhi niliiiba. Niliifunga kwenye kitenge, nikapita mbele ya Koko nikiimba pambio, nikakimbia hadi Base Camp. Baba alipoifunua nilitegemea ama kofi ama pongezi, na nilikuwa nimeuandaa uso wangu kwa vyote viwili. Havikuja. Aliwatazama wale waosha magari wawili, mmoja akikwaruza rimu za gari lake kwa mswaki, mwingine kwa kijiti. Akalitazama geti. Kisha akaenda kwenye ndoo ya maji safi, akachukua sabuni, akaosha mikono yake mpaka viwikoni, taratibu, kama alivyofanya kila mara kabla ya kukamua. Alipomaliza akapiga magoti kwenye matope na kuusukuma mkia wa Gaju ndani ya gurudumu la bosi. Ulipita kama uliozaliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Alimaliza magurudumu yote manne. Maji yaliyotiririka chini yalikuwa meusi.

Kitambaa kilitoka cheupe. Kamugisha alikigeuza, akakinusa, akarudia kwenye gurudumu la pili kwa matumaini. Cheupe. "Banange! Umefanya na nini?" Baba akamwonyesha. "Hii iko nini? Mkia?" Alicheka mpaka tumbo likabaki likicheka peke yake. "Kale, sawa. Wewe ingia ndani ya geti. Na hii kitu, sasa iko ya ofisi." Akaitupa nyuma ya gari, juu ya jeki na viatu vya matope. Baba akajibu, "Ndiyo, afande." Kamugisha hakuwahi kuwa askari, hata mlinzi wa shamba la ndizi hakuwahi kuwa, lakini baba alimpandisha cheo bure kwa sababu alitaka bomba na kivuli. Nilitaka kumng'ata mguu. Hata leo nikimkumbuka meno yanawasha.

Nyumbani Koko aliuliza brashi iko wapi, baba akayatazama mafiga, nami nikasema imeliwa na mbuzi wa Mama Sifa. Mama Sifa alikuwa jirani yetu, aliyeimba sauti ya pili pembeni ya Koko kanisani tangu tufike kambini. Mbuzi wake alikuwa mwizi anayejulikana, aliyewahi kula nusu ya kitabu cha nyimbo, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na mashahidi. Koko akahama benchi. Jumapili tatu zilipita wimbo ukiimbwa kwa mguu mmoja, na Mama Sifa akilia, "Lakini nilimukosea nini huyu mama?" Vibuyu vikaanza kutoa harufu ya uchachu, kwa sababu kitambaa hakifiki chini ya kibuyu, na Koko akaacha kunywa maziwa. Alisema maziwa yasiyopitiwa na brashi yake hayana mwenyewe. Wakati huo baba alikuwa ndani ya geti, mgongo umeanza kunyooka, na kila asubuhi alikabidhiwa brashi ya mama yake ili asukume nayo matope.

Kisha Koko akapata nafasi ya kutazamwa macho Mbarara, na baba akamwombea kiti kwenye gari la bosi. Nikapelekwa niwe macho yake njiani. Kamugisha alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuingia mjini na magurudumu machafu. Tulipofika Kakiika, kabla ya kuingia mjini, akaegesha penye mfereji wa maji, akatoa ndoo, akatoa brashi. Ilikuwa nyeusi kama iliyopakwa lami. Koko alikuwa ameteremka kunyoosha miguu. Akasimama ghafla, akainamisha kichwa. Alikuwa akiisikiliza ikizunguka.

"Mutoto, leta mukono," aliniambia. "Nipeleke fasi kule inalia."

Nilimpeleka. Ningefanya nini? Alinyoosha mkono, akaushika mpini juu ya mkono wa Kamugisha, akaupapasa mpaka kwenye mpindo, mpaka kwenye ugwe wa ngozi.

"Maama, wacha hiyo," Kamugisha alisema. "Iko ya ofisi. Iko na namba."

Ni kweli. Walikuwa wameupaka mpini namba kwa rangi nyeupe, kama wanavyofanya kwenye viti. Koko akaipapasa ile rangi iliyokauka. "Namba," alisema. "Sisi ng'ombe tunabapatiaka majina." Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, bila kunigeukia: "Ni mbuzi?"

"Hapana, Koko. Ni mimi."

"Na baba yako?"

Utani wangu wote ulinikimbia, nikabaki na ukweli peke yake. "Alinawa mikono kwanza," nikasema.

Koko aliendelea kuushika mpini. Nilijua anachokipima, kwa sababu hata mimi nilikipima: akivuta, brashi ni yake, na baba anarudi kwenye magunia ya Rwekubo. Alikuwa na nguvu za kuvuta. Nilimwona mshipa wa mkono ukisimama. Kisha akaachia. Lakini hakuondoka. Alivua kilemba chake cheupe cha kanisani, akakizungushia kwenye kidole, akachuchumaa, na mwanamke yule asiyeona vizuri akakipenyeza katikati ya matawi ya rimu mpaka nyuma kabisa. Kikatoka cheusi. Akakiinua mbele ya pua ya Kamugisha.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Bado ni chafu."

Alimfanya arudie magurudumu yote manne, moja baada ya jingine, mbele ya watu waliokuwa wakipita na ndizi zao. Alimfundisha hata namna ya kugeuza kiganja ili nywele zifike kwenye tumbo la rimu. Kamugisha alitokwa jasho, akatoa kile kitambaa chake, na kwa mara ya kwanza nikamwona anajifutia uso. Tulifika kwa daktari tumechelewa, na Koko akiwa kichwa wazi.

Tuliporudi alinipeleka kwa Mama Sifa nikaungame, na mama yule alipokwisha kunisamehe, Koko akaniamuru nimwombe radhi na mbuzi pia. Nilisimama mbele ya mnyama yule nikasema, "Nisamehe, nilikusingizia," naye akaanza kula ukosi wa sare yangu ya shule. Watu wazima walicheka hadi wakashikana mabega. Jumapili iliyofuata benchi likawa na sauti mbili tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira na Kamugisha, na baba, na mimi mwenyewe, na mtu yeyote aliyewahi kuamua kwamba sehemu ya gari isiyoonekana na mtu ni lazima ing'ae, wakati wanaoiosha wanalala kwenye vumbi.

Siku hizi nikitoka bweni napita Kakiika, na kwenye sehemu za kuoshea magari naona brashi za magurudumu zimetundikwa, nyekundu na bluu, ndefu, zenye kichwa laini na shingo iliyopinda vile vile baba alivyoichora hewani. Kumbe mtu anaweza kulifikia tumbo la rimu bila kumnyang'anya mtu mwingine ng'ombe wake. Baba bado yuko ndani ya geti, ana moja ya bluu. Ile yenye namba aliiomba irudishwe ilipochakaa, akaambiwa ilitupwa. Koko anaona kwa jicho moja, na vibuyu anavisafisha kwa brashi mpya ambayo baba alimtengenezea kwa nywele za mkia wa ndama tuliyempata baadaye. Nikienda likizo huninyooshea brashi hiyo nimsaidie, lakini kwanza hunionyesha ndoo kwa kidevu. Huwa naosha mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, taratibu. Hapo ndipo hasira hunirudia mbichi kabisa, kwa sababu namkumbuka mtu niliyemwona akinawa hivyo hivyo, na namkumbuka alivyopiga magoti baadaye.