Zamu ya Samaki na Zamu ya Sukuma Wiki

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari za samaki. Niliishia darasa la nane, na hata hawa samaki sikuwatafuta. Mwanamke mmoja niliyekuwa nikimfulia nguo alihama Voi, akaniachia watano ndani ya ndoo. Alisema ni koi, wale wanaoitwa vipepeo kwa sababu ya mapezi yao marefu. Wakati huo kila mmoja alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, na mapezi yenyewe hayakuonekana bila kuinama.

Niliwalea kwanza kwenye tangi la plastiki lililokatwa nusu. Walipofika urefu wa kiganja, mume wangu alichimba bwawa nyuma ya jikoni, akatandika plastiki nzito, na kabla ya hapo akatoa kila jiwe lenye ncha, maana pezi la koi kipepeo huchanika kama pazia kuukuu. Kazi hiyo ya mawe ilikuwa yake, na naitaja kwa sababu mengi yanayofuata hayamsifu mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza. Baada ya hapo alirudi Taveta kazini. Huja nyumbani mwisho wa wiki.

Mama mkwe alishuka kutoka Mbololo kutibiwa magoti. Alisema atakaa wiki mbili. Alikuja na mitungi minne ya maji ya chemchemi ya kwao, lita ishirini kila mmoja, akaipanga chini ya kitanda. Maji ya Voi, alisema, yanaipa chai ladha ya msumari. Kila mtungi ulipoisha, jamaa zake walimletea mwingine siku ya soko. Wiki mbili ziliisha, miezi minane ikaisha.

Siku ya kwanza alisimama kando ya bwawa akauliza wataliwa lini. Nikamwambia hawaliwi. Akauliza basi wanafanya nini. Nikasema wanakua. Akasema hata yeye anakua, tena kwa upana, lakini angalau anapika. Yule mkubwa mweupe, aliyekuwa akiburuta mkia wake polepole majini, alimwita bi harusi asiye na bwana. Tangu siku hiyo nami aliniita mwalimu wa samaki, hasa mbele ya wageni.

Kilichombadilisha ni mboga. Kila wiki nilitoa robo ya maji ya bwawa na kuyamwaga kwenye sukuma wiki, nisiyapoteze. Majani yakapanuka kama sinia. Mama aliyaangalia siku mbili tatu, kisha akatangaza kwamba bwawa liingie zamu. Huko alikozaliwa maji ya mlimani huja shambani kwa mfereji, na kila boma lina siku yake. Anayemaliza zamu lazima aache maji jinsi alivyoyakuta, la sivyo anaitwa mwizi hata kanisani. Basi Jumatano na Jumamosi zikawa za sukuma wiki, siku zilizobaki za samaki. Nilikubali. Ilionekana haki, na tena mboga zilikuwa tamu.

Kuna kitu sikumweleza. Maji ya bomba yana dawa, na dawa hiyo inaunguza mashavu ya samaki. Mimi huyaweka kwenye pipa lililo wazi siku mbili, dawa ipotee, ndipo nayatia bwawani. Mama aliwahi kuniuliza kwa nini maji yangu yanalala kwenye pipa kama mgonjwa. Sikuwa na hakika nitalieleza jambo hilo sawasawa, na niliogopa kuchekwa, nikamjibu ni utaratibu tu.

Jumamosi moja nilikwenda kwenye mkutano wa akina mama. Asubuhi hiyo nilikuwa nimefua blanketi, na kwa kuwa bomba lilikuwa kavu, nilitumia maji yote ya pipa. Hilo nimeliona kwenye daftari ninamoandika mambo ya bwawa, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Niliporudi nilikuta bwawa limejaa mpaka ukingoni, maji meupe, yananuka kama wodi iliyopigwa deki. Samaki wote walikuwa juu, midomo wazi. Yule mweupe alikuwa amelala ubavu, mapezi yake yametandazwa kama nguo iliyoanguka kwenye kamba.

"Mama, umetia maji ya bomba?"

"Nimerudisha," alisema. "Nilichota zaidi ya nusu, mboga zilikuwa na kiu. Bomba likatoa, nikarudisha yote. Mimi si mwizi wa maji."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa kujua nianzie wapi. Yeye alifuata sheria ya mfereji mpaka mwisho. Mimi nilikuwa na sheria ya pipa nikaificha, kisha maji yake nikayafulia blanketi. Nikamweleza habari ya dawa kwa maneno matatu. Pipa lilikuwa tupu. Maji yasiyo na dawa katika boma lile yalikuwa chini ya kitanda chake, mitungi minne, siku ya soko ikiwa mbali. Sikuthubutu kuomba. Nilisimama tu nikitazama upande wa chumba chake, na nadhani hilo nalo ni kuomba.

Mama aliinama akamwangalia yule mweupe.

"Huyu anahema kama mimi nikipanda kilima," alisema. "Toa mitungi."

"Ile ya chai?"

"Unayo mingine?"

Tukaleta mabeseni, tukayajaza maji ya mitungi. Nilitaka kuwatia samaki mara moja, akanishika mkono. Maji ya chemchemi ni baridi, akasema, hata mtoto mchanga huwezi kumtia humo. Tukaweka mabeseni juani kwanza, yeye akichovya kiwiko kila mara, nami nikihesabu midomo inayofunguka bwawani. Tulipowahamisha, akavuta kigoda, akachukua kikombe chake cha bati, akawa anachota maji na kuyamimina kutoka juu, anachota na kumimina, vile vile anavyopoza chai. Mimi nina pampu ndogo ya hewa, lakini ilikuwa imeharibika tangu mwezi uliopita, na hilo pia ni langu. Alipoza chai ile ya samaki mpaka jua likaegemea mlima. Magoti yake hayakulalamika, au kama yalilalamika hakuyasikiliza.

Yule mweupe alijigeuza akasimama sawa. Wengine watatu wakatulia. Mdogo wa manjano alikufa, sitaficha. Mama alimzika chini ya shina la sukuma wiki, akasema Jumamosi ni zamu ya mboga.

"Mbona hukuniambia habari ya dawa?" aliniuliza tukiwa bado tumekaa kando ya mabeseni.

"Niliogopa utanicheka."

"Ningecheka," alisema. "Halafu ningeyaacha maji yalale."

Jioni ile ilibidi nipike chai kwa maji ya bomba. Nilizidisha majani, nikaongeza tangawizi, nikampelekea nikiwa nimeinamisha macho. Alikunywa funda moja, akabaki midomo wazi kidogo, akitazama juu. Kisha akasema sasa amejua samaki walihisi nini, akamaliza kikombe.

Siku ya soko mitungi ilikuja mitano. Mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe shingoni, nao hauendi chini ya kitanda. Unakaa kando ya bwawa. Juzi nilitaka kuuchotea maji ya chai ya wageni, Mama akaniambia kwa upole kwamba ule una mwenyewe.