Kioo cha Mzee Ndalahwa

Yusta Luhende hakuweza kuona simu ya mtu akaiacha. Ukitoa simu yako kusoma ujumbe, baada ya dakika moja unahisi shingo yake imekufikia begani. "Weusi wa kioo chako umefifia, dada," anakwambia. "Tazama hapo juu, mwanga unavuja." Hapo hapo anaomba aishike, anaipeleka kivulini, anaigeuza huku na huku, na akikurudishia uso umemkunjamana kana kwamba simu imemtukana.

Mimi ni mshonaji. Nilifika Bariadi kutoka Muleba, mume wangu alipohamishiwa huku kufundisha, na kwa miaka minne cherehani yangu ilikaa barazani kwa Tajudin, karibu na soko. Tajudin aliuza simu, chaja na vioo. Yusta alikuwa fundi wake wa kubadilisha vioo, na meza yake ilikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Alizaliwa Mwamapalala, kwa baba aliyepokea pamba ya wakulima kwenye chama cha msingi, mtu wa kuchota pamba kiganjani na kusema papo hapo, hii safi, hii fifi ya daraja la chini, na wakulima wakanuna lakini wasimbishie.

"Baba alihukumu weupe," Yusta aliniambia siku moja, "mimi nimeangukia kwenye weusi."

Alikuwa na picha moja aliyoitengeneza mwenyewe. Ilikuwa na vyumba kumi vilivyopangwa mstari. Cha kwanza cheusi kabisa, cha pili cheusi pungufu kidogo, na kuendelea hivyo mpaka cha kumi, ambacho kilikuwa kijivu kama jivu la mkaa. Kila alipomaliza kufunga kioo kipya aliifungua picha hiyo, akajifunika kichwa kwa kipande cha kaniki nilichomkatia, akahesabu vyumba humo gizani. Kioo halisi cha simu nzuri kilimpa vyumba vyote kumi. Vile vya bei ya chini vyenye taa kwa nyuma vilimpa chumba cha kwanza chenye rangi ya maji ya kuoshea vyombo, si nyeusi hata kidogo. Vibaya zaidi kwake vilikuwa vioo kopi vilivyong'aa sana. Hivyo vilikuwa na weusi wa kupendeza, weusi wa lami mbichi, ila vyumba vinne au vitano vya mwanzo vilishikana vikawa kimoja.

"Wateja wanaona weusi mwingi wanasema kizuri," alikuwa akilalamika. "Weusi mwingi si uzuri. Uzuri ni kutenganisha cheusi na kinachokaribia kuwa cheusi."

"Wateja wanapiga simu, Yusta," Tajudin alimjibu kutoka ndani. "Hawahesabu vyumba."

Mzee Ndalahwa wa Nkololo alikuja mwezi wa sita, simu yake imepasuka kioo baada ya kukanyagwa na ndama. Alikuwa mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Simu ile alinunuliwa na mwanawe aliye Mwanza, ilikuwa simu nzuri, na kioo chake halisi hakikuwepo dukani wakati ule. Tajudin alimwashiria Yusta achukue kopi. Yusta akafunga, akaingia ndani ya kaniki, akakaa humo kuliko kawaida. Alipotoka aliniangalia mimi, kisha akamwangalia Tajudin. Tajudin akatikisa kichwa taratibu.

Mzee akaipokea simu, akafungua picha za ng'ombe zake, akatabasamu. "Aisee! Sasa wanaonekana weusi kweli kweli. Kimeshinda kile cha mwanzo. Ni kizuri, ng'wanone, mwanangu?"

"Ni kizuri, baba," Yusta akasema.

Mzee aliondoka, na tangu saa ile Yusta hakutulia. Alikaa, akasimama, akafungua simu ambayo haikuwa na ubovu, akaifunga. Alikwenda kununua chai akarudi bila chai. Nikamuuliza ana nini. Akasema hana kitu, kisha akasema, "Vyumba vinne, dada Harieth. Kimemeza vyumba vinne." Nikamwambia yatapita, nikaendelea na gauni la mtu.

Wiki ya nne baada ya hapo, asubuhi, akaja mwanamke mmoja kijana akitembea haraka, vumbi limemfika magotini.

"Mwangaluka," alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibu," Yusta akamwitikia.

Jina lake lilikuwa Nyamizi, na alitaka picha isafishwe. Alieleza huku akiyameza maneno kwa haraka. Mume wake, Mayunga, alikuwa amemuuza mnadani ng'ombe wao jike mweusi. Wiki hiyo hiyo ng'ombe jike wa jirani yao, naye mweusi, alipotea malishoni. Yule mfanyabiashara aliyemnunua ng'ombe wa Mayunga alimpiga picha alfajiri, akiwa bado ndani ya banda anasubiri lori, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wachuuzi wa mifugo. Picha ikatembea simu kwa simu mpaka ikamfikia jirani. Jirani alipoitazama aliona ng'ombe mweusi tii asiye na alama yoyote, na ng'ombe wake alikuwa hivyo hivyo.

"Na kibali cha kuuzia?" nikauliza.

"Kimeandikwa rangi nyeusi. Basi. Wetu ana michirizi mitatu ya kahawia mbavuni, kama mtu aliyepitisha vidole vyenye ugoro. Juani inaonekana. Kwenye picha hamna."

"Si mkamwangalie ng'ombe mwenyewe?"

"Amekwishachinjwa huko Mwanza, dada. Imebaki picha."

Kesho yake alasiri sungusungu, walinzi wa kijiji, wangekaa kumhukumu Mayunga, na kila mtu alijua hukumu itakuwa kutengwa. Ukitengwa hakuna wa kukusalimu wala wa kukuazima jembe, na ukifiwa unachimba kaburi na wanao. Nyamizi alisema kisimani wanawake walishaanza kuteka maji bila kumtazama usoni.

Yusta alikuwa ameshaichukua ile simu. Ilikuwa simu ndogo ya kioo cha bei ya chini chenye taa kwa nyuma, na juu yake yule ng'ombe alionekana kama moshi ndani ya moshi. Akajitumia ile picha kwenye simu yake mwenyewe, ya zamani lakini kioo chake halisi, akajifunika kaniki. Alipotoka alinipa nami niingie. Ilinibidi nisubiri macho yazoee giza. Kwanza niliona banda, kisha ubavu wa ng'ombe, halafu ikajitokeza polepole, michirizi mitatu ya kahawia iliyokolea, ikishuka kuelekea tumboni.

"Ipo," nikasema.

Nyamizi akaanza kulia. Yusta hakulia wala kufurahi. Akamuuliza, "Huyo jirani yenu anaitwa nani?"

"Mzee Ndalahwa. Anaiangalia kwenye simu yake, anasema kioo alibadilishiwa hapa."

Niliona mikono ya Yusta ikishuka mezani. Tajudin naye alikuwa amesikia, akatoka hadi barazani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Usijiingize. Mpe huyu mama picha yake aende. Ukienda kule kusema kioo chetu kibovu, nani atanunua kioo hapa tena?"

"Na nisipokwenda?"

"Wana wazee wao. Watamalizana."

Siku ile Yusta hakufunga kioo hata kimoja. Alizunguka soko mara tatu. Alianza kuniambia jambo akakatiza. Jioni aliponiaga alikwenda, akarudi kutoka kona, akaniuliza kama nina nyuzi za kahawia iliyokolea, zile zinazokaribia nyeusi. Nikampa kibunda. Akaniuliza kama kesho naweza kufunga cherehani mapema.

Tulikwenda Nkololo kwa pikipiki moja, mshikaki, mimi nikiwa nyuma kabisa nimeshikilia kaniki isipeperuke. Njia nzima Yusta alikuwa akimhimiza dereva, na dereva akimjibu kuwa barabara si yake.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la pamba, kwa sababu jua lilikuwa kali na ghala lilikuwa tupu, maana mwaka ule ununuzi ulichelewa kuanza. Mwanga uliingia kwa mlango mmoja tu. Wanaume walikaa kwenye magunia yaliyokunjwa. Mayunga alisimama katikati peke yake, kijana mrefu, mikono nyuma, akitazama sakafu. Mwenyekiti wa sungusungu alipotuona mimi na Yusta mlangoni aliuliza tunataka nini.

"Mimi ndiye niliyefunga kioo cha simu ya mzee Ndalahwa," Yusta alisema. "Kioo kile kinameza rangi. Mnamhukumu mtu kwa kioo changu."

Minong'ono ikapanda. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba watu wa mjini wanaweza kupaka picha rangi yoyote wanayotaka, na kwamba huyu mwanamke ametumwa. Mzee Ndalahwa alinyoosha mkono wakanyamaza.

"Picha ni moja," akasema. "Nimeiangalia asubuhi, nimeiangalia mchana, nimepandisha mwanga mpaka mwisho. Hana alama. Utanionyeshaje, ng'wanone?"

Yusta hakumwonyesha ng'ombe kwanza. Alitandika kaniki sakafuni, mbali na mlango, akampa mzee kile kibunda cha nyuzi. "Kata vipande unavyotaka, baba. Vipange juu ya kitambaa mwenyewe. Mimi nageuka ukutani."

Mzee akakata, akapanga. Vijana wawili wakachungulia wakahesabu, vipande vitano. Yusta akamwambia apige picha kwa simu yake mwenyewe, kisha amtumie hiyo picha bila mtu mwingine kuigusa. Akafanya hivyo. Halafu Yusta akaikunja kaniki, akamfunika mzee kichwa, yeye na simu yake.

"Hesabu, baba."

"Kimoja. Hapana, viwili."

Yusta akampa ile simu yake ya zamani. Kitambaa kikatikisika kidogo. Mzee alikaa humo muda mrefu, na sisi sote tukimtazama yeye na kile kitambaa bila mtu kucheka.

"Vitano," alisema.

Ndipo Yusta alipomfungulia ile picha ya banda. Tulimsikia akipumua. Alipojifunua alikuwa na jasho kipajini, akamtazama Mayunga, kisha mwenyekiti.

"Huyu si wangu," akasema. "Wangu hakuwa na michirizi."

Mwenyekiti alitaka kuona naye. Kisha mwingine, na mwingine. Wazee wote wa mkutano waliingia kichwa kimoja kimoja ndani ya kaniki yangu, na kila aliyetoka alikwenda kukaa upande mwingine wa ghala, karibu na Mayunga. Nyamizi alikuwa nje ya mlango ambako wanawake walisimama; sikumwona uso, niliona tu mtu amemshika kiuno asianguke.

Mambo yangeishia hapo kwa furaha, lakini mzee Ndalahwa alimgeukia Yusta.

"Siku ile nilikuuliza kama ni kizuri. Ulijua?"

"Nilijua, baba. Nilihesabu nikaona, nikanyamaza."

"Nimemwita huyu kijana mwizi mbele ya wakwe zake."

Mzee akamwendea Mayunga, akaishika mikono yake kwa mikono yake yote miwili, akamwambia maneno ya Kisukuma ambayo sikuyaelewa yote. Mayunga alimwachia mikono lakini hakuinua macho.

Yusta akatoa kwenye mkoba kioo kingine. Alikuwa amekipata asubuhi ile kwa fundi wa upande wa pili wa soko, kioo halisi kilichotolewa kwenye simu mbovu, na alitaka kumfungia mzee hapo hapo, mkononi ana bisibisi. Mzee akakataa. "Niache nacho hiki," alisema. "Picha siziangalii tena." Akaweka simu mfukoni akaenda zake. Mpaka leo ng'ombe wake hajaonekana.

Tajudin hakumfukuza Yusta. Alimwambia tu kwamba meza ile anaihitaji, na siku ya tatu akaweka juu yake maboksi ya chaja. Yusta akahamia mbele ya duka la vitenge, na mimi nikamfuata na cherehani yangu, maana barazani kwa Tajudin palikuwa pamenishinda kukaa. Sasa kabla hajafunga kioo anamwambia mteja kina vyumba vingapi. Wengine wanamshangaa, wengine wanakwenda kwa Tajudin ambako hawaulizwi kuhesabu.

Wala hakutulia. Siku za mnada alifungasha bisibisi akaenda Nkololo, akaenda Zagayu, akawasimamisha watu aliowakumbuka sura na kuwaomba awaangalizie simu zao upya. Wengi walicheka wakamwambia simu haina tatizo. "Hujui unachokosa kuona," aliwaambia, nao wakajibu kwamba hilo ndilo zuri lake.

Mayunga na Nyamizi walikaa mpaka walipovuna, kisha wakahamia kwa ndugu zao upande wa Meatu. Watu waliwasalimu kama zamani, lakini Nyamizi alisema salamu zilikuwa zimechelewa. Walipopita Bariadi na mizigo yao juu ya trekta, Yusta alisimama barabarani akawasubiri. Alimpa Nyamizi mkono.

"Kosa halikuwa lako lote," Nyamizi alimwambia.

"Lote silijui," Yusta alisema. "Langu nalijua."

Trekta likaondoka. Alirudi mezani, akakaa, akainuka tena, akaniambia anakwenda mara moja tu hapo stendi. Kuna dereva mmoja wa bodaboda ambaye Yusta alimfungia kioo kopi mwaka jana, na alikuwa amemwona akipita.